Sweta ya Chepchirchir

Mvua ya mwezi wa Mei katika vilima vya Roret haina adabu. Huingia bila kubisha hodi, ikashinda kutwa ikitembea juu ya majani chai kama mpimaji wa ardhi, na jioni ukungu hushuka kuipokea zamu. Siku hizo jua huwa kama mgeni wa heshima: hungojewa, husifiwa, halafu halitokei. Nguo zilizofuliwa Jumatatu huanuliwa Ijumaa zikiwa bado zinalia. Ndiyo maana sweta katika nchi ile si pambo. Sweta ni ukuta wa pili wa nyumba.

Katika kilima kimoja kilichotazamana na kiwanda cha chai aliishi Kimeli, mkulima wa majani chai na mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa, pamoja na mkewe Tecla na binti yao Chepchirchir, aliyekuwa Gredi ya Kwanza. Kimeli alikuwa bingwa wa kubana matumizi, na kwa upande wa mavazi hakuwa na mpinzani. Suruali yake ilizeeka ikawa kaptura, kaptura ikazeeka ikawa mfuko wa chumvi ya ng'ombe, na mfuko ulipotoboka aliufunga kwenye bomba lililovuja. Majirani walimbandika jina Waziri wa Fedha. Naye, badala ya kukasirika, alianza kutembea kiwaziri.

Lakini hata kamba ya katani huwa na mahali pake pa kukatikia. Muhula wa kwanza Kimeli alimshoneshea binti yake gauni la shule kutokana na pazia kuukuu. Siku ya wazazi, mtoto alipoinama kupokea cheti chake, gauni likapasuka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, na tangu hapo wenzake wakamwita Dirisha. Tecla hakugomba. Alingoja hadi muhula wa pili ukaribie, akamwekea mumewe pesa mkononi na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Baba Chep," alisema kwa sauti ya chini, "muhula huu mtoto anavaa sweta ya duka. Mpya. Ukiniletea ujanja mwingine wa nguo, mimi nitaenda kwetu kupumzika, na sitakuambia narudi lini."

Kimeli alimjua mkewe. Tecla hakuwa mtu wa kutisha kwa maneno; alilosema, alilifanya. Maneno yale yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi alifika kwenye duka la sare. Aliposikia bei, mguu uliokuwa umeingia ndani ulirudi nje wenyewe. Kutoka hapo miguu ikampeleka ilikozoea, kwenye rundo la mitumba la Dorcus, mama kutoka upande wa ziwani aliyewajua wateja wake kuliko walivyojijua.

"Waziri, karibu," Dorcus alimkaribisha. "Leo bunge limepunguza nini?"

"Natafuta sweta ya mtoto, mama. Usianze siasa."

Dorcus alichakura, akatoa sweta moja nzito isiyokuwa na hata tundu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: shule ilitaka buluu nzito, na sweta ile ilikuwa imepauka kama jivu.

"Hii ni sufu yenyewe. Itavaliwa mpaka aolewe. Ni rangi tu imechoka."

"Rangi ni kitu kidogo."

"Kwa Tecla?" Dorcus alicheka mpaka akashika kiuno. "Sawa, lakini mimi sikukuona leo. Akiniuliza, nilikuwa nimelala."

Hatua chache kutoka hapo alikaa Ooko, fundi wa viatu. Kimeli alimwomba amgawie rangi ya buluu nzito katika chupa ya soda. Ooko alimtazama, akaitazama sweta iliyokuwa kwapani.

"Mzee, hii ni ya ngozi ya kiatu. Si ya ngozi ya mtu."

"Nitaichovya, nitaianika. Ikikauka imekauka."

"Basi ianike juani wiki nzima. Ikiwa mbichi ni kali, hata mimi inaniumiza kichwa."

Juani! Wiki nzima! Mwezi wa Mei! Kimeli aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu aliyeelekezwa njia ya mwezini. Tecla alipokwenda kuchuma majani, Kimeli aliichovya sweta nyuma ya zizi, akaitundika juu ya meko jikoni, ndani kabisa ya dari la kuni asikotazama mtu. Kufikia Jumapili ilikuwa imeshika rangi kweli kweli. Akaikunja vizuri ndani ya mfuko wa karatasi, akampelekea mkewe.

Tecla aliigeuza huku na huku, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya wazazi. Kisha akainusa.

"Mbona inanuka hivi?"

"Hiyo ndiyo harufu ya upya," Kimeli alijibu. "Umeisahau kwa sababu hatununui."

Jumatatu asubuhi Chepchirchir aliondoka amevaa sweta yake, kifua mbele kama jogoo. Mvua ilimkuta njiani, ikamlowesha chapachapa. Kabla ya saa za chai, simu ya Tecla ililia. Alikuwa mwalimu wa darasa. Mtoto alilalamika kuumwa kichwa, akatapika, na sasa midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Walimkuta amelazwa kwenye benchi la ofisi. Midomo yake ilikuwa buluu, ya buluu ile ya zambarau lililoiva, na kucha zake vivyo hivyo. Tecla alipiga magoti, akamkumbatia. Lakini Kimeli, aibu tupu kusema hivi, nusura acheke. Moyo ulimtua. Ni rangi, alijiambia. Sweta imechuja kwa mvua, na huyu mtoto hutafuna mikono ya nguo tangu akinyonya. Ni rangi tu.

Akatoa kitambaa chake, akakitia mate, akamfuta mtoto midomo.

Kitambaa kilirudi cheupe.

Akafuta tena kwa nguvu. Kikarudi cheupe. Akafuta kucha. Hakuna kitu. Buluu ile haikuwa juu ya mtoto. Ilikuwa ndani yake.

Walipanda pikipiki, mtoto katikati. Njia nzima Kimeli alisikia pumzi fupi fupi za binti yake zikimgonga mgongoni, na nyuma yake sauti ya Tecla, "Jifunike, mama. Jifunike vizuri." Alijua, bila kugeuka, kwamba mkewe alikuwa akiivuta ile sweta mbichi ikagandamana na mwili wa mtoto. Alifungua mdomo. Upepo ukauingia, akaufunga. Huenda siyo sweta, alijitetea. Huenda ni kifua. Huenda ni homa. Mwoga hana upungufu wa huenda.

Hospitalini walipokelewa na daktari aliyeitwa Nyagaka, kijana mpole mwenye macho yasiyokaa kitako. Alimwekea mtoto hewa ya mtungi. Kwa kawaida, alisema, rangi hurudi upesi. Walingoja. Rangi haikurudi. Akachota damu, akainua sindano kwenye mwanga. Damu ile haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya hudhurungi, kama kahawa.

"Nyumbani mna dawa ya kupe?" aliuliza. "Mbolea? Amekunywa maji ya mahali tofauti?"

"Hapana," Tecla alijibu kila swali. "Amekunywa uji wetu tu."

"Kuna kitu chochote kipya? Sabuni, mafuta, nguo?"

"Sweta tu," Tecla alisema, na hata katika hofu ile sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Lakini hiyo ni ya duka. Baba yake ameinunua mwenyewe."

Daktari alimgeukia Kimeli. Kimeli alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi sana. Uongo wake ulikuwa umetoka kwa mdomo wa mkewe, ukiwa umevaa vizuri kuliko alivyouvika yeye, nao ukaaminiwa.

"Basi itakuwa moyo," Nyagaka alisema polepole. "Itabidi aende Eldoret. Nawaitia ambulensi."

Eldoret! Kimeli aliihesabu barabara akilini, kona kwa kona, ukungu kwa ukungu. Kitandani, kichwa cha Chepchirchir kilianguka upande kama ua lililokatwa shina. Mama yake alimwita. Alifumbua macho kidogo, akayafumba. Mwili mdogo ulitetemeka. Nesi alitaka kumvua nguo zilizolowa, Tecla akamzuia mkono.

"Mwachie sweta yake, dada. Anasikia baridi."

Akaifunga vifungo, kimoja, cha pili, mpaka shingoni. Kimeli aliona kila kifungo kikipita katika tundu lake kama msumari unaoingia katika ubao wa jeneza. Alikuwa na hofu mbili, na mpaka dakika ile alikuwa amebeba ile ndogo akiidhani kubwa.

"Mvueni," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akamsukuma nesi, akaikamata sweta kwa mikono miwili, vifungo vikaruka chini ya vitanda.

"Baba Chep, umeingiwa na nini?" Tecla alimshika shati.

"Si ya duka." Sauti yake ilikuwa kavu kama maganda ya mahindi. "Ni mtumba. Nimeichovya rangi ya viatu. Niliikausha juu ya meko siku moja. Fundi aliyenipa rangi aliniambia ni kali. Daktari, mimi ndiye nilijua. Huyu mama hajui kitu."

Nyagaka alikuwa tayari ameisogeza sweta puani. Macho yake, kwa mara ya kwanza, yalitulia mahali pamoja.

"Sitisheni ambulensi," alisema. "Maji ya uvuguvugu na sabuni, mwosheni mwili mzima. Rangi hii imepita kwenye ngozi, damu ikasahau kubeba hewa. Dawa yake tunayo." Kisha, akipita karibu na Kimeli, akaongeza bila ukali, "Angekwenda Eldoret akiwa ameivaa, mzee, sidhani kama angefika."

Nesi alikuja na sindano. Dawa iliyokuwa ndani ilikuwa buluu kuliko sweta. Kimeli akarudi nyuma.

"Na hiyo tena?"

"Hii ndiyo inafukuza ile," nesi alijibu. "Kaa chini."

Wakakaa. Hakuna kusubiri kurefu kama kusubiri rangi. Tecla hakumtazama mumewe. Alitazama kidole kimoja cha mtoto, kile kidogo. Mvua ikapiga bati, ikaacha, ikapiga tena. Ndipo chini ya ukucha ule ikaonekana alama nyembamba ya waridi, kama mwanga chini ya mlango. Ikapanda. Midomo ikafuata. Chepchirchir akafumbua macho, akalalamika.

"Mama, nasikia baridi."

Kimeli alivua koti lake haraka, akavua na shati, akamfunika. Chini yake alibaki na fulana yenye matundu mengi kuliko kitambaa, kamba mbili zikiwa zimefungwa fundo begani. Wanawake waliokuwa wakiuguza watoto wao walitazama pembeni. Mmoja akashindwa, akacheka ndani ya leso. Kimeli aliinua mikono kujikinga kifua.

"Shusha mikono," Tecla alisema. Uso wake ulikuwa bado na machozi na hasira, lakini mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mtoto aliyepumua. "Kwetu nitaenda au sitaenda, hiyo tutaongea nyumbani. Sasa kaa hivyo hivyo. Leo nataka kukuona."

Kimeli akashusha mikono, akakaa hivyo hivyo mbele ya wodi nzima, akitetemeka, mwanawe yu hai: mficha uchi hazai, na aliyezaa akauficha, huenda akazika.