Kamba ya Mafundo Arobaini

Yasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ayajuaye yaliyo kweli, kwamba mji wa Ruhamba ulikuwa chini ya Sultani Ghalibu bin Nasiri, na wasafiri waliingia kwa wingi hata kila mwenye nyumba akawapangisha vyumba vyake, na wenyeji wakakosa pa kukaa wakahama, na msikitini ikabaki safu moja ya watu. Basi Sultani akaamuru kwamba nyumba isipangishe wageni zaidi ya siku arobaini kwa mwaka. Na kwa kuwa binadamu hudanganya, akatundika kamba juu ya kila mlango, na ndani ya kila kamba akamfunga jini kwa muhuri wake, na kila alasiri jini akimkuta mgeni ndani hufunga fundo. Likifungwa la arobaini na moja, mlango hujifunga miaka saba, na waliomo hutolewa nje na nguo zao za mwilini tu.

Katika mji huo aliishi mjane, Bi Raziki binti Hamadi, pamoja na Bi Shemsa, mama wa marehemu mumewe. Mume alikuwa seremala, na mlango wa nyumba ile aliuchonga kwa mikono yake, akafa kabla ya kuupaka mafuta. Bi Raziki aliupaka mwenyewe alipotoka eda, kwa kitambaa cha shati la marehemu. Chumba cha nje walikipangisha, na hicho ndicho kilichowalisha.

Kamba ilikuwa na mafundo thelathini na manane alipofika msafiri mmoja, Bwana Mundhiri, mtunza bustani, akalipia siku mbili. Likafungwa la thelathini na tisa, likafungwa la arobaini, na asubuhi ya siku ya tatu homa ilimlaza asiweze kuinua kichwa.

Bi Raziki akasimama chini ya kamba. Akifikiri kumtoa, aliona kwamba atafia njiani, na yeye ataulizwa siku ya Kiyama. Akifikiri kumwacha, aliutazama mlango. Adhuhuri ikapita. Akamsihi jini asilifunge fundo lile.

"Bibi, mimi ni mtumwa wa muhuri," jini akasema, na sauti yake ilibanwa kama ya mtu aliyelala kifudifudi. "Nimeamriwa kuhesabu wageni. Nikimkuta mgeni, nafunga."

Bi Shemsa alikuwa akichambua mchele ukumbini. "Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Sisi wetu ya tatu tunamnywesha uji. Mpe jembe, mwanangu, tuzikwe nalo sote."

Bi Raziki akauliza, "Jembe liko wapi, mama?"

"Mtoto amerukwa na akili. Liko nyuma ya mtungi."

Akaingia kwa mgonjwa na jembe mkono mmoja, na mkono wa pili malipo yake. "Bwana Mundhiri, chukua chako. Ukikichukua, hupangi tena hapa. Na ukilima, japo mara tatu, wewe ni wa nyumba hii. Utaweza?"

"Nimelima tangu utotoni, dada. Nishikeni tu nisianguke."

Wakamshika mabega juu ya shuka aliyojifunika, wakamtoa uani, naye akapiga jembe mara tatu, na ya tatu haikuzama hata kidole, kisha akaanguka. Muadhini akaadhini alasiri. Ncha ya kamba ikainuka, ikajipinda, ikasimama hivyo muda mrefu. Kisha ikalegea.

Lakini muhtasibu, mkaguzi wa Sultani, alikuja kesho yake, akasema huu ni ujanja, akawapeleka wanawake na kamba mbele ya Sultani.

"Mjane, umeichezea sheria yangu?"

"Maulana, sheria yako yahesabu wapangaji," akajibu. "Mimi sina mpangaji. Nina mgonjwa."

Sultani akamuuliza jini, ambaye kwa muhuri ule hakuweza kusema uongo, naye akashuhudia kwamba mtu yule alirudishiwa malipo yake na akalima mara tatu. Sultani akainamisha kichwa, kisha akasema kwamba aliiweka sheria ili nyumba za Ruhamba ziwe na watu wake, na nyumba hii imeongeza mmoja. Akaamuru tangu siku ile mgonjwa asihesabiwe, na jini arudi mlangoni pake.

"Maulana," jini akasema, "nami nimekaa kwa mama huyu mwaka mzima, wala si siku mbili. Naomba jembe."

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka, akauvunja muhuri.

Bwana Mundhiri akapona, na yeye na jini wakaulima ua ule ukatoa makomamanga kila mwezi, na matunda yake yakatafutwa na masultani, na nyumba ile haikuhitaji tena kupangisha. Na Bi Shemsa ndiye aliyemwambia Bi Raziki kwamba marehemu hatachukia, akawaongoza yeye na Bwana Mundhiri hadi kwa kadhi, wakaoana. Basi amchaye Mungu asiivunje sheria ya mji, wala asimtupe mgonjwa, hata kama njia kati ya hayo mawili ni nyembamba kama mpini wa jembe. Na kamba ile ilibaki juu ya mlango wa seremala, na mafundo yake ni arobaini hadi leo.