Somo Yake Jumbe

Jumbe Mwinyimvua aliongozwa na moyo: akiudhiwa hupiga, akisifiwa hulia. Siku alipofikiwa na wageni alikwenda moja kwa moja kwa Bi Sikudhani, kisu mkononi.

"Nataka jogoo wako."

"Mchukue, Jumbe. Ila kamchinjie mbali, nisimsikie somo yako akilia."

"Somo yangu?"

"Anaitwa Mwinyimvua. Nilimpa jina lako siku aliyowika mara ya kwanza, kuku wote wakanyamaza."

Jumbe akamtazama jogoo. Jogoo akanyoosha shingo.

"Hata kifua ni changu," Jumbe akasema, machozi yakimlengalenga. Akarudisha kisu alani, na jioni akamletea somo yake pishi nzima ya mtama.

Mbaruku, mume wa Bi Sikudhani, alikuwa akisikiliza tangu mwanzo.

"Mke wangu, jogoo huyu ameanza lini kuitwa Mwinyimvua?"

"Leo asubuhi."

"Mwezi uliopita kadhi alipomtaka, si ulisema anaitwa Kadhi?"

"Ndiyo."

"Basi jina lake hasa ni nani?"

"Jogoo," Bi Sikudhani akajibu, akimmwagia mtama. "Lakini siku nitakayomwita hivyo, ataliwa."