Bi Nyegere Aliyekataa Kuuza Manyoya

Masikio yako wapi?

Yako hapa!

Na midomo je?

Tumeifumba!

Basi ifumbueni, maana hadithi ya leo ni ya mama aliyekataa kuufumba mdomo wake. Na wewe uliyejilaza pale, inuka. Hii haisikilizwi kwa mgongo.

Hapo zamani za kale, wanyama wote walifanya biashara kwa makaa ya mawe. Ukitaka mtama, unapeleka kikapu cha makaa. Ukitaka chumvi, unapeleka kikapu cha makaa. Na shimo la makaa lilikuwa moja tu, na mwenye shimo alikuwa Fisi.

Na kila aliyeyapokea aliyawasha jikoni kwake, moshi ukatanda. Asubuhi moshi, mchana moshi, jioni moshi. Nyuki wakahama. Bi Nyegere, aliyekuwa akiishi kwa asali, akabaki na mizinga mitupu na mtoto mmoja anayekohoa. Mtoto anakohoa mpaka anajikunja, mama anamtazama, hana la kufanya. Ilimuuma sana.

Kunguru akaja na werevu wake. Akasema tuache kubeba vikapu, tufanye biashara kwa ahadi. Lakini ahadi ya Kunguru haikuaminika mpaka uiwashie moto, na mwenye moto mkubwa kuliko wote ndiye aliyesadikiwa. Moshi ukazidi. Fisi akacheka mpaka magego yakaonekana, kwa kuwa moto ule ulikula makaa yake.

Ndipo wakaja minana, wale ndege wa manjano wanaosuka viota. Wakasema, "Sisi hatutaki moto. Shikeni manyoya yetu. Nyoya likitoka kwa huyu likaenda kwa yule, sisi sote tutaimba, na kila mwenye masikio atajua. Nani atakana jambo lililoimbwa na mti mzima?"

Wanyama wakayapenda manyoya. Kobe, mwenye pango kule juu mlimani kusikofika moshi, akamwambia Bi Nyegere, "Nijazie kibuyu hiki manyoya, pango ni lako wewe na mwanao. Makaa sitaki hata kuyaona."

Bi Nyegere akaanza kuweka akiba, nyoya moja moja. Lakini uvunguni alificha pia kikapu cha makaa. Mambo yakiharibika huku, alijisemea, nitashika kule. Wenzake wote walifanya hivyo hivyo, na wote wakajiona wajanja. Hata wewe unayecheka ungefanya hivyo.

Fisi akaona anakimbiwa. Akafungua shimo, akamwaga makaa sokoni mpaka yakakosa thamani. Mtama wa kikapu kimoja ukawa wa vikapu viwili. Ngiri, mchimba viazi, alikuwa na kikapu kimoja na watoto wenye njaa. Afanye nini? Akatoa nyoya. Na pale njiapanda alikuwa amekaa Mbweha na gunia la mtama, ananunua manyoya. "Leta, Bwana Ngiri. Nyoya moja, viganja viwili."

Fisi akamwaga tena. Wanyama wakakimbilia njiapanda. Mbweha akasema, "Nyoya moja, kiganja kimoja."

Fisi akamwaga mara ya tatu. Wakakimbia kwa kusukumana. Mbweha akapiga mwayo. "Nyoya moja, nusu kiganja. Hutaki, nenda."

"Mnaona?" Fisi akasema. "Makaa yakianguka na manyoya yanaanguka. Hawa ni ndugu. Uzeni mkiwa bado mna cha kuuza."

Kibuyu cha Bi Nyegere kilikuwa kimebakiza kidogo tu kijae. Lakini hofu haina adabu. Akambeba mtoto mgongoni, kikapu kichwani, kibuyu mkononi, akashika njia ya kwenda kuuza. Mtoto akakohoa sana, ikabidi wapumzike chini ya mti wa minana. Minana walikuwa wanaimba kama kila siku, na kama kila siku hakuna aliyewasikiliza, maana wote walishawazoea. Bi Nyegere akasikiliza.

Ngiri katoa, Mbweha kashika.
Mbweha katoa, Fisi kashika.

Akasikiliza tena. Akasikiliza mara ya tatu. Akasimama, hasira imemjaa mpaka puani, akaenda sokoni moja kwa moja.

"Karibu, Bi Nyegere," Fisi akasema. "Unauza?"

"Siuzi."

"Mwanao atalala njaa."

"Siuzi."

"Kesho hayo yatakuwa takataka."

"Kama ni takataka, wewe unayakusanyia nini?"

Soko likanyamaza. Na liliponyamaza, sauti ya minana ikasikika: Pundamilia katoa, Mbweha kashika. Mbweha katoa, Fisi kashika. Wanyama wakatazamana. Mbweha akaanza kufunga gunia lake polepole.

"Makaa hayakuangusha manyoya," Bi Nyegere akasema. "Sisi ndio tulioyaangusha. Mkono ulioshika makaa ndio ulioshika manyoya, ukatetemeka na vyote viwili. Wangu leo umekataa kutetemeka." Akabeba kikapu chake cha makaa, akakimwaga shimoni kando ya soko, mbele ya macho ya Fisi. Wengi wakamwaga baada yake. Kiboko hakumwaga. Aliyakalia yake, ndiyo maana mpaka leo ana rangi ile.

Ngiri akalia. "Minana, mimi nimeuza yote. Imbeni kinyume, yarudi."

"Hatuimbi kinyume," wakasema minana. "Lililoimbwa limeimbwa."

Siku zikapita. Moshi ukapungua. Bi Nyegere akakijaza kibuyu, Kobe akampa pango. Fisi akabaki na shimo lililojaa na tumbo tupu, kwani hakuna aliyepokea tena makaa. Akaja kwa Ngiri akiburuta mkia. "Ndugu yangu, nipatie viazi."

"Viazi vipo," Ngiri akasema. "Bei ni manyoya."

Fisi akatoa moja. Ngiri akatikisa kichwa. Akatoa la pili. Ngiri akatikisa kichwa. Akatoa la tatu, na mti mzima ukaimba: Fisi katoa, Ngiri kashika.

Kule mlimani Bi Nyegere aliusikia wimbo ule akiwa mlangoni pa pango lake. Mtoto alikuwa amelala, na usingizi wake haukuwa na kikohozi.

Siwadanganyi, manyoya nayo hupanda na kushuka mpaka leo. Lakini shikeni hili: ukiweka mali mbili kwa hofu moja, una mali moja tu, na mwenye kukutisha ataichukua yote. Usiuze kwa sababu mtu amekupigia kelele. Sikiliza kwanza nani ananunua.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, na Fisi akiuliza nani kaisimulia, mtajieni jina langu.