Kwa Nini Kuku Huparua Hata Juu ya Mchele

Rudisheni huo mwiko mahali pake. Najua kuku amenimwagia mchele, nimemwona kwa macho yangu mwenyewe. Ungo ulikuwa umejaa, angedonoa kwa adabu akashiba akaenda zake, lakini yeye amepanda juu, akatimua kwa miguu yote miwili, na sasa nusu ya chakula chetu iko vumbini. Mnamwita mjinga. Kaeni chini tuokote pamoja, na mikono ikifanya kazi nitawaambia anachokitafuta.

Kulikuwa na wakati ambapo kuku hakuparua. Miguu yake ilikuwa ya kutembelea tu, kama hiyo yenu. Alikula alichomwagiwa, alidonoa kilicholala juu ya ardhi, na kisipokuwepo alisimama akangoja. Ungepita kwenye nyua za wakati ule usingekuta hata kishimo kimoja kando ya ukuta. Kuku wa siku hizo alikuwa mpole mpaka anachosha.

Siku hizo, katika kijiji cha Kwemzizi huko milimani, palikuwa na mkubwa mmoja aliyeitwa Semhando. Watu walimwita zumbe, maana ndivyo wakubwa wa upande ule walivyoitwa. Semhando hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia marehemu wa watu. Alikuwa mtu wa kupenda sifa. Na sifa yake ilikuwa mayai: mgeni yeyote aliyepita barazani kwake hakuondoka bila kuwekewa mkononi yai la kuchemsha, na wakija wageni kumi, mayai kumi. Ili yasikosekane alijenga banda refu, na ndani yake akapanga vitundu vya fito, kimoja juu ya kingine, vitatu kwenda juu. Kila kitundu na kuku wake. Kichwa kilitokea mbele penye kihori cha chakula, yai liliteremka nyuma, na mwenye yai hakuweza kugeuka aone lilikokwenda. Waliingizwa humo wakiwa mitetea, na tangu hapo hawakukanyaga chini. Zumbe alijivunia kwamba yai lake halijapata kuguswa na udongo.

Sasa, chini ya kilima aliishi mjane mmoja, Nakijwa. Alikuwa akipanda kwenye banda lile kila baada ya siku chache kuzoa samadi kwa ajili ya migomba yake. Nyumbani alikuwa na kuku wake sita waliolala jikoni, wakitawaliwa na jike mmoja mweusi mwenye hasira, ambaye Nakijwa alimpa jina la Mama Mkwe. Mama mkwe wake wa kweli alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kununa.

Siku moja mtunza banda aliwatoa kuku watano waliokuwa wameacha kutaga. Walikuwa hawana manyoya kifuani, kucha zimewakua zikapinda, na vishungi vimewaangukia machoni, vyeupe kama nyama iliyolowa maji. Alimwambia Nakijwa kwamba, kwa kuwa njia yake inapita korongoni, awatupe huko, fisi watajua la kufanya. Nakijwa akawatia kwenye tenga, akajitwika, akateremka. Alipofika korongoni akalitua tenga. Kuku mmoja, shingo tupu kabisa, akatoa kichwa nje akatazama mbingu kwa jicho moja. Kisha akageuza kichwa akatazama kwa jicho la pili, kana kwamba la kwanza limemdanganya.

Nakijwa hakuwatupa. Mseme mtakavyo, alikuwa na sababu yake. Desturi ya kijiji kile wakati ule ilikuwa kwamba aliyefiwa na mume hukaa ndani mwaka mzima, hata uani asitoke. Nakijwa alikaa. Mwaka ulipokwisha akafunguliwa mlango, na watu wakatarajia atoke kwa furaha. Yeye alisimama kizingitini, mguu hauinuki, uwanja wake mwenyewe aliousafisha miaka yote ukamtisha kwa ukubwa. Jirani yake Namkunda ndiye aliyekuja akachota udongo, akampaka miguuni, akamshika mkono, akamvusha hatua moja. Hakuna aliyejua, hata Namkunda hakujua, kwamba pale kizingitini Nakijwa alitamani kurudi ndani. Alijua jinsi miguu inavyosahau. Akajitwika tenga lake tena, akaenda nalo nyumbani.

Namkunda alipoona kilichomo ndani ya tenga alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu," alisema, "tumezoea kusikia kuku wa maskini hatagi. Wewe umekwenda kuokota wa tajiri, nao hawatagi."

Nakijwa akalifungua tenga. Aliwaweka uani wale watano, nao wakasimama palepale alipowaweka, kama vyungu. Mama Mkwe akaja. Alimdonoa wa kwanza, akamdonoa wa pili, na hakuna aliyekimbia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kukimbia kupo. Nakijwa akawanyakua wote akawaingiza ndani. Na hapo ndipo alipokosea, kwa huruma, na kosa la huruma ni gumu kuliona. Aliwatandikia mkeka safi. Aliwawekea mtama kwenye bakuli na maji kwenye kata, akafunga mlango ili Mama Mkwe asiwafikie. Kila asubuhi aliwabadilishia mkeka, akawafuta miguu. Siku ya tano alimkuta mmoja amekufa, mtama uko mbele yake. Siku ya saba akafa wa pili.

Alipokuwa akimzika huyo wa pili nyuma ya migomba, jembe mkononi, ndipo Nakijwa alipoona alichokifanya. Alikuwa amewajengea kitundu kingine, tofauti ni kwamba hiki kilikuwa na mkeka. Moyo ulimuuma sana. Aliona haya mbele ya kuku, jambo ambalo si la kila mtu.

Akaenda akamchukua yule mwenye shingo tupu, ambaye sasa alimwita Kishingo. Akachana kipande cha kaniki yake kuukuu, akamfunga mguu mmoja, na ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya jikoni karibu na mafiga, ili asirudi mkekani na ili Mama Mkwe asimfukuze mbali. Kisha akatandaza chini udongo na majivu, akazika humo punje za mtama. Akakaa kando, akaushika mguu wa Kishingo kwa vidole vyake, akauburuta juu ya udongo, taratibu, kama alivyopakwa yeye siku ile. Punje ikatokea. Kishingo akaitazama asijue inamhusu vipi.

Siku ya kwanza ilipita hivyo, na ya pili. Namkunda alipita akauliza kama jirani yake sasa anacheza ngoma na kuku. Siku ya tatu, Nakijwa alipokuwa akipuliza moto, alisikia mkwaruzo nyuma yake. Akageuka polepole. Kishingo alikuwa ameinua mguu mwenyewe. Alikwaruza mara moja, akarudi nyuma hatua, akainama, akatazama kwa jicho moja. Akakwaruza tena. Punje ikatokea, akaimeza. Nakijwa alilia, na sababu ya kulificha hilo siioni.

Wale wawili waliobaki walijifunza kwa Kishingo. Manyoya yakaota, kwanza kama miiba, baadaye kama manyoya ya watu wenye heshima zao. Kamba ikafunguliwa, wakatoka uani. Mama Mkwe alikaa mbali siku nyingi akiwaangalia kwa dharau, lakini aliona wale wageni wanatoa chini ya ardhi mchwa wanono ambao yeye, mwenyeji, alikuwa amewakanyaga maisha yake yote bila kujua wapo. Mwishowe akajaribu mguu mmoja, kando, akijifanya anajinyoosha. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia, na wenzake watano wakamwiga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Mama Mkwe alipona kweli, maana mwaka ule mvua haikunyesha.

Ulikuwa ukame mbaya. Mtama uliisha maghalani, hapakuwa na cha kumwagia kuku, na kuku wa kijiji, ambao hawakujua kufanya lolote ila kungoja, walingoja mpaka wakafa. Katika banda la zumbe vihori vilikauka, na kitundu baada ya kitundu kikawa kitupu. Lakini uani kwa Nakijwa kuku tisa walichimba kuanzia jua linapochomoza, wakala mchwa, mizizi na mbegu za majani zilizolala chini tangu mvua za nyuma. Kishingo akaanza kutaga tena. Nakijwa akawa anawapelekea mayai watoto wa jirani, Namkunda akaacha kucheka.

Habari zikapanda kilimani. Na Semhando alikuwa na wageni njiani, wakubwa wenzake kutoka ng'ambo ya mlima, wakitarajia yai mkononi kama kawaida. Akateremka mwenyewe na wazee wake hadi uani kwa Nakijwa, nyuma yao mtu amebeba kitundu cha fito. Akawatambua kuku wake kwa kucha zile zilizopinda.

"Hawa ni wangu, bibi," alisema. "Nilikupa ukatupe, sikukupa ufuge."

Nakijwa alipiga magoti kumwamkia, kisha akamwomba achukue mayai yote yaliyomo nyumbani, ya leo na ya kesho na ya wageni wote watakaokuja, ila kuku amwachie. Semhando alikataa. Zumbe kupewa mayai kwa hisani ya mjane ingekuwa aibu ya kusimuliwa. Alitaka kuku warudi walikotoka, wakatagie huko. Namkunda alimnong'oneza jirani yake kwamba mwenye nguvu mpishe, atapata wengine. Lakini Nakijwa alikuwa akikitazama kile kitundu, na miguu yake mwenyewe ikaikumbuka siku ile ya kizingitini.

"Ulipowatupa walikuwa na miguu ya kufa, zumbe," alisema. "Hii miguu waliyo nayo wameipatia hapa."

Mzee mmoja katika wale wazee, Sekiondo, mtu wa maneno machache, akasema kwamba kama ugomvi ni wa miguu basi iachwe miguu iamue. Kitundu kiwekwe wazi upande mmoja, na zumbe amwage mbele yake chakula apendacho. Nakijwa asimame upande wa pili, mikono mitupu, kwenye udongo wake. Aachiwe kuku mmoja; akitulia kwenye chakula cha zumbe kama alivyolelewa, basi ni wa kitundu, na wenzake waende naye; asipotulia, wabaki wote.

Semhando alikubali upesi. Aliagiza mchele uliotoka bondeni, wa mwisho aliokuwa nao, akaumwaga lundo zima hadi magotini mwa mtu. Mwaka mzima hakuna kuku aliyeona hata punje moja ya mchele. Kishingo akaachiwa.

Alikimbia moja kwa moja kwenye lundo. Hakumtazama Nakijwa hata kidogo. Nakijwa akafumba macho, na zumbe akaanza kutabasamu.

Kisha mkwaruzo ukasikika. Kishingo alikuwa amepanda juu ya lundo na kuinua mguu, akatimua. Mchele ukaruka ukamwagikia zumbe miguuni. Kuku akarudi nyuma hatua, akainama, akatazama kwa jicho moja. Ulikuwa bado mchele. Akatimua tena, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mchele ukaingia kwenye ndevu za Sekiondo, ukaingia ndani ya kitundu, ukatapakaa uwanja mzima, na pamoja na njaa yake yote ile hakumeza hata punje. Alichimba hadi chini kabisa, mpaka udongo ukaonekana, mweusi, mahali padogo kama kiganja. Hapo akatulia. Akaugusa udongo kwa mdomo. Ndipo akaokota punje moja iliyoangukia juu yake, akala.

Sekiondo alijipangusa ndevu. "Zumbe," alisema, "huyu hakukataa mchele wako. Alitaka kwanza kuhakikisha kwamba chini yake kuna ardhi."

Semhando alitazama miguu yake iliyofunikwa na chakula cha wageni wake. Kisha akainama, yeye zumbe, akaanza kuokota punje moja moja udongoni pamoja na watoto wa kijiji. Kesho yake moshi ulionekana kule bandani, na harufu ilikuwa ya fito zinazoungua. Wengine husema alivichoma vile vitundu kwa hasira, wengine kwa aibu. Kuku waliobaki, walipokuwa wakiteremshwa kwa Nakijwa wakafundishwe kutembea, hawakujali ilikuwa ipi.

Na tangu siku hiyo kuku huparua. Hakuna kuku anayeletwa ugenini asifungwe kitambaa mguuni, akae karibu na meko mpaka miguu yake iizoee nyumba, na wanaosema kuku mgeni hakosi kamba mguuni husema bila kujua kwamba kamba ya kwanza ilichanwa kwenye kaniki ya mjane. Kifaranga akitoka yaini, kabla hajajua mama yake ni yupi, huinua kimguu akakwaruza. Mpe mtama, ataparua. Mpandishe juu ya gunia la mchele, ataparua, arudi nyuma hatua, ainame na kutazama kwa jicho moja.

Haya, naona tumemaliza. Zimebaki zile punje chache pale anapochimba kuku. Hizo mwachieni, na msimsogelee mpaka afike chini.