Pua Bila Mikono

Fimbo ikiachwa mbali, nyoka hupata nafasi ya kujinyoosha, kupiga miayo na kuchagua mguu wa kuuma. Msaada usiofika ulipo, hata uwe na thamani ya dhahabu ya machimbo ya Luhwindja, hauokoi mtu. Fabien alilijua hilo akiwa ametota jasho.

Fabien alifanya kazi Kinshasa. Mama yake mjane, Maman Adolphine, aliishi peke yake Bukavu, katika nyumba iliyong'ang'ania mteremko wa Kadutu kama kupe mgongoni mwa ng'ombe. Alipokuja likizo, kijana alimwekea mama mlangoni kufuli ya umeme, na darini kifaa kidogo cha kunusa hewa mbaya ya makala, yale makaa ya kupikia. Vyote viliunganishwa na simu yake kwa intaneti.

"Maman, hii iko na pua kupita imbwa," alijigamba. "Ikinusa huku, mimi najua kule Kinshasa. Nafinya tu simu, mulango inafunguka."

Kisha akaenda kwa jirani, Maman Micheline, ambaye kwa miaka mingi alitundika ufunguo wa nyumba ile kwenye msumari wake, na kila asubuhi aliita, "Adolphine, umeamuka?"

"Maman, sasa upumzike. Ile ufunguo haina tena kazi, naurudisha kwa Maman."

Micheline alicheka hadi kilemba kikamteremka. "Iko na pua, nimesikia. Na mikono, iko nayo?"

"Ah, Maman, dunia imekuacha!"

Msimu wa mvua ulipokolea, Fabien akiwa amerudi kazini, alasiri moja baridi ilimwingia Adolphine hadi kwenye mifupa. Akaingiza ndani jiko lake, mbabula iliyojaa makala mekundu, akafunga madirisha, akaketi kuota moto. Usingizi mzito ukambeba.

Kinshasa, simu ya Fabien ikalia: HATARI, HEWA MBAYA. Akafinya mlango ufunguke. Wapi! Dakika ileile umeme ulikatika Bukavu, na kufuli ikakaza meno. Akafinya tena na tena. Akampigia mama; simu iliita weee, haikupokelewa. Akampigia jirani.

"Maman Micheline, kimbia! Hewa ya makala inamuua Maman!"

Micheline alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliitumbukiza simu mfukoni bila kuizima. Alivuka matope na mchi mkononi, akavunja dirisha, akapenya kama paka, akafungua madirisha yote na kumburuta mwenzake penye upepo. Adolphine akakohoa, akafumbua macho.

"Micheline, mbona umevunja dirisha yangu?"

"Uulize mutoto wako! Mulango yake inasikia watu wa Kinshasa tu!"

Simu ilikuwa bado wazi. Fabien alicheka na kulia kwa pamoja.

"Maman Micheline, kesho fundi atarudisha kufuli ya zamani. Ile pua ibaki, lakini ikinusa, ikuite wewe kwanza. Na ufunguo..."

"Fundi aulete. Musumari yake ingali ku ukuta."

Naam, fimbo ya mbali haiui nyoka.