Jina la Kilua

Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe wa nyuma, acha kutafuna. Zamani hizo wanyama walipigana na fisi, wakigombea kisima. Siku ya mwisho fisi wakaja wengi, vumbi tifu, tifu, tifu. Wanyama wakakimbia. Kilua, mwana wa Mama Nungunungu, akambeba Swala aliyevunjika mguu, akamvusha mto. Kisha akarudi, akaziba njia peke yake. Akafa palepale. Kisima kikapona.

Vita vikaisha, Hondohondo akawa mtangazaji. Kila asubuhi juu ya mti: ko, ko, ko, Simba alinguruma, fisi wakatimka. Mwaka wa kwanza alimtaja Kilua. Wa pili akamruka. Wa tatu akasema yuko nungunungu mmoja aliyekimbia.

Sasa, binti wa Mama Nungunungu akajifungua mtoto wa kiume. Kwao mtoto hurithi jina la marehemu, na majirani sharti walitamke. Wasipolitamka, jina limekufa.

"Kilua," akasema Mama.

Majirani wakageuza nyuso.

"Mama, hilo ni jina la mwoga," akasema Swala.

"Wewe Swala? Si alikubeba?"

"Nakumbuka nilibebwa na Simba."

"Simba alikuwa amelala ng'ambo, jamani."

"Mbona kila siku tunasikia?"

Mama akachoka kabisa. Akamwendea Hondohondo.

"Kweli naijua, Mama," akasema Hondohondo. "Ila wasikilizaji wanampenda Simba. Nikitaja nungunungu, wanaondoka."

Mama akaenda kwa adui, kwa fisi mzee, akamleta mbele ya majirani.

"Nani alikuzibia njia?"

"Mwanao," akasema Fisi. Akafunua taya. "Mwiba wake huu hapa. Mvua ikinyesha silali."

Swala akautazama ule mwiba, akainamisha kichwa. "Kilua," akatamka. Wote wakatamka.

Asubuhi yake: ko, ko, ko, Simba alimchoma Fisi kwa miiba yake.

Mtoto akakua akiyasikia hayo. Siku moja akauliza, "Bibi, Simba ana miiba?"

"Hana. Kaa nikueleze. Na kesho nitakueleza tena."

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa pia: habari ya vita ikirudiwa kila siku haiwi kweli kwa kurudiwa. Waulizeni waliokuwepo, hata adui. Hadithi yangu naitua hapo. Aliyekuwa anatafuna, aendelee.