Bi Kiboko na Hisa za Mizinga

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama nao walilipa mahari na kununiana na wakwe, alikuwako Bi Kiboko, mjane mwenye mtoto mmoja tu, Makame. Makame alikuwa amepata mchumba. Wakwe wakasema, "Hatutaki maneno mengi. Mitungi minne ya asali, basi."

Mitungi minne! Haya, niambieni nyie, kiboko atapandaje mti kurina asali?

Bahati yake, mwaka ule wanyama walishirikiana kutundika mizinga juu ya mikuyu. Aliyetoa gunia moja la mtama alipata hisa moja, na siku ya kurina kila hisa ingepewa mtungi mmoja wa asali. Bi Kiboko akatoa magunia manne. Akapewa vijiti vinne vya hisa, akavificha chini ya kitanda, akalala fofofo.

Kuchakuro alikuwa na hisa moja tu. Lakini yeye kila siku alipanda juu, akachungulia mizingani. Masega yalikuwa yamejaa hadi yanadondoka! Akateremka mbio kwenda kunong'ona na mkewe.

Kesho yake sokoni akarukia juu ya pipa. "Jamani, nauza hisa yangu! Nani atanunua?"

"Nusu gunia!" mkewe akajibu kwa sauti kutoka upande wa pili wa soko, kajifunika kanga hadi machoni asijulikane.

"Chukua!"

Pa! Wakapeana kijiti mbele ya watu wote. Kisha Kuchakuro akashika kichwa. "Mnaona mambo haya? Hisa imeshuka! Juzi gunia zima, leo nusu!"

Bi Kiboko akasikia. Akakaa chini, puu! Juu ya nyanya za watu.

"Kuchakuro mwanangu, yaani magunia yangu manne sasa ni mawili?"

"Mawili ya leo, mama. Kesho mimi sijui."

"Uuuwi! Makame wangu hataoa!"

Jirani yake, Twiga, akamwinamia. "Shoga, tulia. Mizinga ile iko usawa wa pua yangu. Ngoja nikakuangalizie."

"Mizinga ya nini wewe! Bei imeshuka, husikii?"

Kuchakuro akavuta kamasi, eti analia. "Mama, roho inaniuma kukuona hivi. Nipe hizo nne, nikupe gunia moja. Ndilo nililobaki nalo."

Akampa! Tena akamshukuru kwa machozi. Nyati na Kifaru kusikia Bi Kiboko kauza, nao wakakanyagana kwenda kuuza zao.

Siku tatu baadaye, wakarina. Tiririri! Asali ikamiminika mpaka mitungi haikutosha. Na kila mtungi ukijaa, mkewe Kuchakuro anauvuta upande wake.

Bi Kiboko akafika anahema. Macho yakamtoka pima.

"Ala! Asali hii imetoka wapi?"

"Mizingani, mama. Ilikuwamo siku zote."

"Lakini hisa ilishuka!"

"Bei ilishuka. Nyuki hawakuambiwa."

Bi Kiboko akamsogelea. "Hebu ngoja. Siku ile nani alinunua kwa nusu gunia?"

"Mke wangu."

"Na nusu gunia yenyewe iko wapi?"

"Ghalani kwetu," Kuchakuro akasema, akilamba kidole. "Haijatoka nje hata siku moja."

Kinywa cha Bi Kiboko kikabaki wazi, na kinywa cha kiboko mnakijua kilivyo. Alipogeuka, akawaona wakwe wanakuja, wameshika mitungi minne mitupu.

Basi, watoto, ukinunua hisa, chungulia mzinga kabla hujasikiliza bei.